Kinoo cha Mashoto

Xuan alichukua nyumba.
Nel akachukua ng'ombe kumi na mmoja na konde la juu,
lile linaloinamia mto kama mtu anayetafuta pete.
Mimi nikapewa pembe ya fahali
na ndani yake jiwe, bado lina unyevu.

"Hilo nalo ni urithi?" aliuliza mke wa Xuan,
akacheka, akamimina mvinyo wa tufaha.
Nikalipakata ndani ya basi hadi Gijón,
ghorofa ya nne, mahali pasipo na nyasi
ila zile zilizoota kwenye ufa wa roshani.

Kwetu, milimani Asturias, nyasi hukatwa kwa mundu
wenye makali marefu kuliko mkono wa mtu.
Kila hatua ishirini mkataji husimama,
huchomoa jiwe kwenye pembe ya maji iliyoning'inia kiunoni,
shii, shaa, shii, shaa,
kisha huinama tena.
Babu Bras alifanya hivyo. Kabla yake Telva, mamaye,
mwaka ule wa vita, wanaume walipopotelea misituni,
akikata usiku peke yake, ng'ombe wasife.

Kinolewacho hupata, husema watu.
Hawasemi kinoo hupata nini.
Hupata bonde.

Jioni moja kisu kilishindwa na nyanya.
Nikatoa jiwe, nikalilowesha,
na gumba langu likatumbukia bondeni
kama mguu kwenye kiatu chake.
Nikajaribu mkono wa kulia: jiwe likagoma.
Bonde limelalia upande mmoja.
Aliyelichimba alikuwa mashoto.

Kama mimi.
Mimi niliyefungwa mkono huu kwa utepe
na Mtawa Engracia, darasa la kwanza na la pili,
nikaambiwa ukoo wetu haujapata kuwa na kasoro hii.

Na babu, aliyekuwa wa kulia,
alinoa kwa taabu miaka hamsini juu ya kilema kile.
Angeweza kulisawazisha kwa asubuhi moja
juu ya kizingiti cha zizi.
Hakulisawazisha.
Hakusema neno pia. Aliniangalia tu nikishika kijiko.

"Litaisha?" aliuliza binti yangu Sabel,
akitazama tope la kijivu likitiririka sinkini.
"Litaisha."
"Lini?"
Sikujua.
Akanyoosha mkono alishike.
Wa kulia.
Nikampa.