Kofia Nyekundu

Jumatatu walinivua kofia ya buluu,
wakanivika nyekundu. Meneja akanipa mkono,
akanipa saa ya kuhesabia na ubao wa karatasi,
kisha akanyoosha kiganja: "Kisu."
Nikakitoa kiunoni. Mpini wake Nolfa aliuvika utepe mweusi
kipupwe kile vidole vyangu vilipokufa ganzi,
akaukaza kwa meno.
Hakuna aliyeniambia kuwa cheo huanza kwa kunyang'anywa.

Hapa Chonchi mvua hainyeshi, imepanga chumba.
Saa kumi na mbili kasoro, giza bado, ukanda unaanza kutambaa,
samoni baada ya samoni, minofu myekundu kama ufizi,
na wanawake kumi na tisa wameinamisha vichwa.
Miaka kumi na moja nilikuwa wa saba kutoka mlangoni.
Sasa nasimama nyuma yao.
Sikujua kwamba migongo nayo ina nyuso:
wa Edita umenuna,
wa Nolfa umefumba macho.

Najua kila hila, ndiyo taabu yenyewe.
Choo cha tatu, chenye dirisha, ndiko tunakovutia sigara.
Wanakovutia.
(Jana nilisema "nyinyi" kwa mara ya kwanza
na ulimi ukajikwaa, kana kwamba nimetema jino.)
Najua kile kikohozi kinachomaanisha "anakuja."
Nilikibuni mimi.
Leo nimekisikia kikiruka meza hadi meza,
kikinitangulia.

Jumanne Nolfa alichelewa dakika saba.
Mtoto wake ana pumu; basi la kutoka Huillinco hukwama topeni.
Zamani kadi yake ningeigonga mimi, kabla ya yangu,
naye angenilipa kwa mkate wa viazi, wa moto, ndani ya kitambaa.
Akasimama mbele yangu akichuruzika maji.
Hakuomba. Laiti angeomba.
Aliniangalia tu, kama mtu anayesoma bei.
Nikaandika saba.
Nikaifuta, nikaandika tatu,
nikabaki na aibu mbili pale ambapo moja ingetosha.

Leo, saa nne, mapumziko.
Kibuyu kinazunguka: majani machungu, maji ya moto,
ganda la chungwa lililoungua kidogo.
Kinywaji chenyewe kinaitwa mate,
na mate ndiyo tuliyogawana, wanawake sita, mrija mmoja,
hata mafua tuliugua kwa zamu.
Zamu yangu ilikuwa ya nne, baada ya Edita.
Leo Nolfa kamimina, kaonja, kaninyooshea mimi
kwanza.
Ungedhani ni heshima.
Ni kiti cha mgeni nilichowekewa.

Nikavuta. Sukari tele.
Wamesahau kwamba sipendi sukari,
au wamekumbuka.
Huku ukirudisha kibuyu na kusema asante
maana yake umetosheka, usipewe tena.
Basi nikakirudisha kimya, mdomo nimeubana,
neno zuri kuliko yote nikilimeza kama mwiba.
Kikaenda kwa Edita, kwa Yohana, kwa Sonnia,
kwa yule msichana mpya aliyekalia ndoo
mahali pangu.
Kengele ikalia kabla hakijanirudia.

Mgeni siku mbili; ya tatu, mpe jembe.
Leo ni ya tatu.
Nimesimama, mikono mitupu, saa inanitekenya mfukoni,
kisu changu kimetundikwa ukutani, utepe mweusi,
na meza ya saba inalemewa, samaki wanarundikana,
yule msichana analia bila sauti.
Nolfa hageuki.
"Ukanda unatusubiri, bosi," anasema,
na ndani ya neno bosi nasikia kitu kidogo,
si kejeli, wala si msamaha:
mtu anajaribu kiatu kipya cha mwenzake
aone kinabana wapi.