Kitasa Kimoja

Miaka kumi na tisa nachonga funguo
Mtaa wa Mchikichi, kona ya wauza vitenge,
tupa mkononi, vumbi la shaba kwenye nyusi.
Kwa hiyo Daktari Ngonyani alipoanza kunichorea
nyuma ya karatasi ya majibu, pale Ocean Road,
nilimwambia: weka kalamu, nimeelewa.

Homoni ni ufunguo.
Uvimbe ni mlango uliokuwa ukifunguliwa nao kila usiku.
Kidonge hiki cheupe, kimoja baada ya chai,
ni ufunguo butu: unaingia, haugeuki,
na ule wa kweli ukija unakuta tundu limezibwa.

Ila kitasa hicho, daktari, kipo mlango huo tu?

Akavua miwani.
Maana mimi nawajua mafundi wa mji huu:
mtu akishusha kontena moja la vitasa bandarini
utavikuta Tabata, utavikuta Kijichi,
choo cha gesti na kabati la sadaka, ufunguo mmoja.
Akasema: kipo kwenye mifupa. Kipo kwenye mfuko wa uzazi.
Na kipo, Sikudhani, hata kwenye vibanda vya walinzi,
zile chembe nyeupe zinazozunguka na damu
zikimulika kila uso.

Basi nikiziba huku, mlinzi kule anasikia nini?
Anaamka, au ndio analala fofofo?

"Baadhi tunaona kama wanachangamka.
Wengine kimya. Bado tunapima."
Nikampenda kwa hiyo bado.
Wangapi wamenijibu haraka, wakanidanganya polepole.

Jumanne tupa iliteleza, ikanichana kidole gumba.
Siku zote natia mate, naendelea na kazi.
Safari hii nilifunga duka kwa ndani,
joto lile la ghafla likinipanda shingoni, feni haisaidii kitu,
nikakaa kwenye kigoda, kidole chini ya taa,
nikiwasubiri.

Siku ya pili kinapwita, kimevimba,
kina moto wake peke yake.
Tunu, mpwa wangu, ananihimiza duka la dawa.
Subiri, mtoto. Hao ni wao,
wamefika, wanapiga kelele getini.

Sijui ni wangapi. Sijui kama kidonge kimewaamsha
au wangekuja tu, kama walivyokuja miaka yote
bila mimi kuwajua kwa jina.

Leo gamba limedondokea kwenye droo ya funguo mbichi.
Sikulitoa.
Mteja amesimama: kitasa cha Kichina, kapoteza zote mbili.
Nameza kidonge na chai iliyopoa,
nachukua tupa.