Swali la Kumi na Nne

Lilikuja limechapwa, lina namba, lina nukta:
*Je, mtoto analala vizuri?*
Visanduku vitano. Tia alama kimoja.
Sekela alilisoma kwa sauti ya chuo,
nasi walezi wanane, ofisi ya kata, Isevya,
tukatazamana kama watu walioulizwa
bei ya mvua.

Nikasema: Mwanangu, vizuri ndiyo nini?
Wangu hulala mapema, halii, hakojoi.
Weka tano, ustawi wa jamii wafurahi.
Ila asubuhi nikikung'uta kiatu chake cha shule
hudondoka tonge la ugali, kavu kama kokoto.
Jana tonge. Juzi tonge.
Miezi kumi na mmoja yuko kwangu
na bado anajiwekea masurufu ya safari.

Kalamu ikasimama.
Mzee Mihambo, fundi wa reli mstaafu,
anayelea Kulwa na Doto wasio wa damu yake,
akakohoa: Hawa wangu wanalala na ndala miguuni.
Ukiwavua, wanaamka. Ukiwaacha, shuka ni tope.
Mimi nimechagua tope.
Kisanduku changu kipi?

Basi likafutwa, kwa rula, mstari mmoja.
Kulifuta kulikuwa rahisi.
Siku tatu tukabishana tuweke nini pale.
Chai ikapoa, mihogo ikaisha,
treni ya Mpanda ikapiga honi ikapita,
na sisi bado tumekwama kwenye neno,
kwa kuwa Bi Sizya hataki "mlezi wa muda".
Muda wa nani? anauliza.
Muulizeni mtoto kama mimi ananiita mama
mpaka tarehe ngapi.

Sekela, nisimfiche, alikasirika.
Akasema ripoti ina siku yake,
na kwamba swali lisilopimika halina pa kukaa.
Nikamwambia: hata huyu wangu
alikuwa hana pa kukaa. Tulisogeza kitanda.
Akacheka. Hakutaka, ila akacheka.

Jumatano akaja kwangu bila fomu.
Tukala jikoni, nsansa ya karanga,
mtoto katikati yetu na sare yake.
Akamega, akala, akamega,
kisha lile la tatu likashuka polepole mfukoni.
Sekela aliona. Mtoto akaona kwamba ameonwa.
Kijiko cha mchuzi kikaning'inia hewani,
nami nikashika pumzi kama mtu abebaye yai.
Mgeni akageukia sufuria, akaniuliza
karanga hizi umezikaanga kwanza, au umetwanga mbichi?

Hapo ndipo nilipomwita mtafiti.

Jioni, mlangoni, akauliza chinichini:
Hili la tonge, niliandike?
Sikujibu. Nilikuwa namkumbuka Mihambo,
ambaye babaye alirina asali kule Sikonge:
ukikomba masega yote, alikuwa akisema,
utashiba mwaka huu,
na nyuki watahama na njaa yao.

Swali la kumi na nne sasa linasomeka hivi:
*Usiku mtoto hushika nini? Nawe humwachia?*
Halina visanduku. Lina mistari sita mitupu
na wengine, nasikia, wameomba karatasi ya ziada.
Kwenye jalada majina ni tisa.
La Sekela ni la nne, kwa kufuata alfabeti;
la Mihambo limekosewa herufi, amenuna mpaka leo.
La mtoto yeyote halimo.

Na wewe unayesoma, usije Isevya
kukung'uta viatu vya watoto.
Kiatu si kiatu. Tonge si tonge.
Nimekubadilishia vyote viwili.
Kile anachokificha hasa
nakijua mimi, na yeye anajua kuwa nakijua,
na kila asubuhi nakirudisha palepale.