Uji wa Chura

Kila alfajiri, kabla Meru haujavua blanketi lake,
navuruga bwawa kwa ufagio wa mpini mrefu.
Bwawa la zege, kina chake hakifiki gotini,
maji yake tumeyatia magadi,
magadi yale yale ya kulainishia makande,
na ndani yake, mzito kama mlenda, umelala ukijani.

Siku ya kwanza Bwana Nnko, mwenye bwawa,
alinichungulisha kwenye darubini.
Nikaona nywele. Nywele za mtoto
zilizosokotwa na mtu mwenye subira.
"Ndiyo hiyo," akasema, "spirulina.
Imejaa protini, ina madini ya chuma."
Nikaitika. Moyoni nikasema: ukoga wa dimbwi
nao umepata jina la ubatizo.

Tunaichuja kwa kitambaa, tunaikamua,
tunaianika kwenye wavu kama tambi,
ikikauka tunaisaga. Harufu yake
ni ya dagaa aliyelala kwenye nyasi.
Kisha inapanda gari, inakwenda Njiro,
inavaa chupa yenye picha ya heroe,
inauzwa kwa watu ambao wameshakula.

Mimi hubaki na kitambaa.

Nasieku wangu alizaliwa kabla ya miezi yake,
na mwaka wa pili ulimkuta akila udongo wa ukutani.
Sista Ndeonansia, pale zahanati ya Usa River,
alivuta kope yake ya chini kwa kidole gumba,
akaniita nitazame: kweupe, kama ndani ya ganda la yai.
Akaandika vidonge. Nami nikaungama habari ya kitambaa.
Hakucheka.
"Kijiko cha chai, kisizidi, na uji upoe kwanza.
Si dawa, mama Nasieku. Usiache vidonge.
Usiache maharage, usiache mnafu,
wala usije ukaniambia mwani umekuwa ng'ombe."

Nikakwangua kitambaa kwa kisu butu.
Uji ukageuka rangi ya sare za mgambo.
Mama mkwe akatoka jikoni na kigoda chake.
Kaka zake wakauita uji wa chura,
wakauzunguka wakiruka, wakikoroma, wakiruka,
hadi Nasieku, kwa kutaka naye awe chura,
akamaliza bakuli.

Sijui ni kipi kilichofanya kazi.
Vidonge, mnafu, kitambaa, au zile kelele.
Dawa ya minyoo pia alimeza.

Ila Jumapili moja tulipata lifti
ya lori la saruji liendalo Ngarenanyuki.
Kwa mbali ziwa la Momella, na ukingoni mwake
utepe wa waridi, unapumua.
Heroe huanguliwa wa kijivu, Nnko aliniambia;
rangi wanaila, kidogo kidogo,
kwenye maji ya kijani kama haya yetu.

Nikamgeuza mwanangu kwenye mwanga,
nikavuta kope kwa kidole kinachonuka bwawa.

"Mama, niache," akasema. "Naangalia ndege."