Jembe la Mgeni

Jina lake Mgeni Faki, namba thelathini na saba daftarini.
Jumatatu yupo. Jumanne yupo.
Jumatano dawati nalikalia peke yangu.
Wavulana wa nyuma huimba: "Mgeni siku mbili!"
Methali hawaimalizii.

Daktari alitoka Wete, akatuchorea ubaoni
chembe ya damu iliyopinda
kama mundu wa kukatia majani ya ng'ombe.
"Zikikwama," akasema, "mifupa hulia."
Nyuma hakucheka mtu.

Tangu siku ile naandika kwa kukandamiza,
karatasi ya kaboni chini ya ukurasa;
kila sentensi yangu huzaa pacha wa buluu.
Saa nane Hamad Kombo, yule yule aliyecheka zaidi,
huzipeleka wodini kwa baiskeli,
zikifika zishashika harufu ya karafuu mbichi.
Mama yake humsomea, akijikwaa kwenye "usanisinuru",
na Mgeni, macho kafumba, humsahihisha.

Mwezi jana mwalimu wa hesabu alimpelekea mtihani kitandani.
Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama saa,
akaongeza dakika ishirini, za maumivu,
asiongeze hata alama moja.
Sitini na nne.
Swali la tano alikosa. Nami nilikosa lilo hilo;
kaboni haichagui.

Leo ni siku ya tatu tangu alazwe tena.
Methali inasemaje? Mpe jembe.
Mkono wa kulia una sindano ya dripu.
Kalamu kaipokea kwa kushoto.