Gramu Saba na Nukta Mbili

Bi Mwanahawa Kupi alifungua fundo la leso,
akaiweka juu ya mizani yangu.
"Mjukuu anaolewa mfunguo mosi. Nataka kipini na vipuli."
Imetoka wapi?
"Shimo la choo. Usiulize tena."

Gramu saba na nukta mbili.
Babangu angeipima kwa mbegu za tipitipi,
nyekundu zenye doa jeusi, akihesabu kwa midomo.

Nikaiosha kwa ukwaju. Akajitokeza mtu:
shingo nene, pua ya mwenye kuamrisha,
majani kichwani, yamefungwa kwa utepe kisogoni.
Hakunitazama. Alitazama kando,
kama tajiri apitaye mbele ya mwombaji.
Herufi zimemzunguka kama askari;
nazisoma zote, sielewi hata neno,
kama tulivyokuwa chuoni, fimbo ikisubiri.

Alitaka nini? Uso wake uingie mifukoni
mwa watu asiowajua, ulipe ngano, ulipe majeshi,
ufike wasikofika farasi wake.
Haya, umefika. Lamu, Langoni, kwa Lali sonara,
na hapana amjuaye jina.
Shilingi yetu kumi siku hizi ina simba;
vichwa vya watu tulivichoka.

Nikaigeuza.
Mwanamke mwenye mabawa, na chini ya unyayo wake
mtu amepiga magoti, mikono nyuma, kamba.
Nikachukua lenzi.
Mbavu tatu. Kidole kimoja kimekunjwa.
Lo! Fundi mwenzangu, uliyechonga muhuri huu,
uso wa bwana wako uliuchonga kwa ujira.
Huyu ulimchonga kwa nini?

"Lali, wachezea," Bi Mwanahawa akasema. "Yeyusha."

Nikaomba dakika. Nikaukandamiza upande ule
kwenye kipande cha sabuni ya mche, nikakiweka rafuni.
Kisha moto. Dhahabu haipigi kelele:
pua ililegea kwanza, kisha majani,
likabaki tone moja, likitetemeka kama kiini cha yai.

Kipini kilitoka kizuri. Vipuli, hivyo hivyo;
kimoja nilikirudia mara mbili.

Jumamosi Mwanaamina, mke wangu, bila kuuliza,
alichukua sabuni rafuni akafulia kanzu zangu uani.
Nilipofika, mabawa yalikwisha kitambo.
Mtu alikuwapo bado, magoti ndani ya povu,
ila kamba ilishayeyuka.