Hasi Moja

Waliniita Kuze baada ya arubaini,
wakaniita mimi kwa kuwa mama yuko eda
na fundi mwanamume hangevuka pazia.
Sufuria za pilau bado zimeegemea ukuta.
Kompyuta ya marehemu iko juu ya cherehani,
imefunikwa leso.

Diski moja, giga mia tano. Warithi watatu.

Lali afanya kazi za forodha Kilindini,
ataka Windozi; fomu zake hazifunguki kwengine.
Mwanasiti asoma Tudor, ataka Linaksi,
na ameshaitia mwenyewe, usiku mmoja.
Kulipokucha Windozi haionekani,
kelele zikamfikia muuza mahamri wa chini:
"Umemfuta baba!"

Hakumfuta. Alibadilisha bawabu tu,
na bawabu mpya hakutambulishwa wenyeji.
Kazi yangu ndiyo hiyo, kutambulisha.
Nachomeka flashi, nabonyeza kabla nembo haijapita
(ukichelewa, anza upya),
nagonga mlango mmoja mmoja diskini.

Huu wa Lali. Huu wa Mwanasiti.
Na huu, nyuma kabisa, mdogo,
Windozi ya miaka ishirini iliyopita:
humo mna daftari za duka la vitambaa la Mzee Shekue,
deni la nusu ya Kibokoni, kanzu kwa kanzu,
na kando ya majina mengine ameandika
*asidaiwe*.

Lali akaleta kikokotoo.
"Tugawe kisheria. Thumuni ya mama kwanza,
sitini na mbili na nusu.
Zilizobaki, mimi mafungu mawili, yeye moja."
"Hata giga?"
"Hata giga."
Mwanasiti akacheka, cheko la kukwaruza.
Nami fundi tu, nikavuta mipaka kwa kipanya
kama avutaye shuka moja juu ya watoto watatu.
Za baba zikaingia kwenye thumuni, na nafasi ikabaki.
Kusogeza kuta kulikula saa tatu;
stima ingekatika, tungekaa matanga ya pili.

Kisha orodha. Mistari mitatu myeupe gizani.
Ugomvi ukarudi: nani awe juu?
Maana wa juu ndiye afungukaye
zikipita sekunde kumi bila mkono wa mtu.
"Mimi mkubwa."
"Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia, mato yalipomwisha."

Nyuma ya pazia, Bi Mishi akakohoa.
"Na hizo sekunde, ni lazima zihesabiwe?"

Nikamwambia la. Iko nambari, hasi moja;
ukiitia, haihesabu wala haichagui. Yakaa.

"Basi itie hiyo.
Na ingoje, hata aye mtu."

Nikaitia. Nikazima, nikawasha.
Mistari ikatokea, ikatulia.
Hakuna aliyenyoosha kidole.
Mwanasiti akaikunja leso, pembe juu ya pembe,
kisha akaikunjua, akaikunja tena.
Lali akashuka, akarudi na mahamri ya moto
na fungu la mbaazi lililovujia gazeti,
tukala tukikitazama kioo cheusi
kama watu waliofika mapema harusini.

Bei yangu ilikuwa elfu mbili.
Nimelipwa elfu na mia saba;
zilizosalia, amesema Lali, mwisho wa mwezi.
Nimeziandika kwenye daftari langu.
Kando ya jina lake
bado pako wazi.